Kazi Niliyoitia Tiki

Wanaosimulia mambo kama haya husema yalimpata jirani. Mimi sina jirani wa kumsingizia. Yalinipata mwenyewe, na nilijitakia.

Nilikuwa natunza kumbukumbu za ukoo wetu kwenye kompyuta. Programu yenyewe ina orodha ya kazi: atafutwe nani, ofisi gani, kitabu gani. Ukimaliza, unatia tiki. Hata usipopata kitu unatia tiki na kuandika, "Imetafutwa, hakuna," ili ndugu mwingine asipoteze muda kurudia. Ndugu wote tuliiona orodha hiyo hiyo, na mimi, kwa kupenda sifa, nilitaka sehemu yangu iwe safi kuliko za wenzangu.

Kazi moja alinipa bibi, mama yake mama. Kabla hajaolewa alizaa binti, na baba yake bibi akampeleka mtoto kwenye makao ya yatima bila kumwambia ni yapi. Nilipokuja kuyajua, vitabu vyake vilikuwa vimehamishiwa ofisi ya kumbukumbu, mwendo wa saa mbili kwa basi. Jumamosi nikaoga, nikavaa viatu kabisa. Uvivu ukanishika. Nikarudi kitandani na kompyuta, nikatia tiki.

"Mume wangu, ulifika?" bibi akaniuliza jioni, kwa utani wake wa siku zote.

"Nilifika, bibi. Hayumo."

Akasema polepole, "Basi nisimsumbue Mungu tena."

Miezi mitatu baadaye tukamzika.

Msibani, binamu yangu akanivuta pembeni. Alikuwa amekwenda ofisi ile ile kufuatilia cheti cha baba yake. "Kitabu cha yale makao kilikuwa pale mezani," akasema. "Nikaona wewe umeshakipitia, nikakiacha." Niliitikia kwa kichwa kama mtu mwema.

Wiki iliyofuata tiki ikatoka. Kazi ikasomeka "Bado." Nikairudisha. Asubuhi, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nikakuta imetoka tena. Nikampigia binamu. Hakuigusa. Nikabadili neno la siri. Ikatoka. Safari hii, kwenye nafasi ya maelezo, palikuwa na neno moja ambalo sikuliandika.

"Ulifika?"

Nilifuta. Likarudi. Nikafuta. Likarudi. Nikapanda basi.

Mtunza kumbukumbu alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani imening'inia kifuani. Akaniletea kitabu. Jina lilikuwa ukurasa wa pili. Wa pili! Dakika nzima isingeisha.

Mama yule akachungulia begani kwangu, akashusha sauti. "Huyu namjua. Kila mwaka alikuja kuuliza kama kuna mtu amemtafuta. Anakaa hapo nyuma ya soko... alikuwa anakaa. Alifariki mwezi uliopita."

Nililia mbele ya mtu nisiyemjua. Mama na mwanawe walitafutana maisha yao yote, nami nikawanyima kuonana kwa sababu sikutaka kupanda basi. Sina namna ya kulipamba hilo.

"Pole, mwanangu," akasema, akinisogezea daftari la wageni. "Ulipoingia nilisahau kukuandikisha."

Nikashika kalamu. Mstari uliotangulia haukuwa na saini. Ulikuwa na alama ya dole gumba, kovu limeikata katikati. Kovu lile nalijua. Hospitalini niliushika mkono ule mpaka ukapoa.

Tarehe ilikuwa ya siku hiyo hiyo niliyopanda basi.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Bibi mmoja. Ametoka wewe ukiingia, hukupishana naye mlangoni? Hajui kuandika, nimemjazia mimi. Wala hakutaka kitabu chochote."

Nikafuata mstari kwa kidole hadi safu ya mwisho, ile ya anayetafutwa. Mwandiko ulikuwa wa mama yule, mzuri, wa kiofisi:

"Mjukuu aliyeniambia alifika."