Uzi Uliotoka Kwenye Bahasha

Kila asubuhi, akishafagia, mfumaji alikaa dirishani na kazi yake ya kroshia. Alifuma vitu vidogo: vikofia, vidoli, viatu vya watoto wachanga. Mdogo wake alivipiga picha kwa simu. Wateja wa mbali wakiagiza, ndugu hao waliwatumia kwa posta.

Siku moja tarishi alirudisha bahasha.

"Mwenyewe amekataa kuipokea," alisema. Aliishika kwa ncha za vidole, akaiweka kizingitini, akaondoka haraka.

Kwenye pembe ya bahasha ulining'inia uzi mweupe.

Mfumaji aliuvuta. Ukaja. Akavuta tena. Ukazidi kuja, umejikunjakunja, na ndani ya bahasha kitu kikatikisika kidogo kidogo, kama kinapumua. Kisha kikatulia. Uzi ukaisha.

"Dada, humo ndani kulikuwa na nini?" mdogo wake aliuliza kwa sauti ya chini.

"Viatu vya mtoto. Jozi."

Walifungua. Kilikuwamo kiatu kimoja tu, kirefu kama kidole gumba.

Simu ikaita. Alikuwa mteja aliyeagiza viatu hivyo.

"Dada yangu, nisamehe. Mwanangu alizaliwa kabla ya wakati, bado yuko hospitali. Wakituruhusu, nataka atoke amevaa viatu vyako. Lakini mama mkwe aliona ule uzi, akasema ni uhai wa mtoto unavutwa nje. Siamini mambo hayo. Ila usingizi umenipaa."

"Nitakutumia vingine."

"Na vikifika hivyo hivyo?"

Mfumaji aliiweka simu chini. Kiatu kilikaa mezani, mdomo wazi. Hata mdogo wake, mtu wa mizaha, alikifunika kwa kitambaa.

Mfumaji alikwenda kwa jirani yao, Bi Mihuri. Walimwita hivyo kwa sababu alipanga barua na kugonga mihuri posta mpaka alipostaafu. Aliigeuza bahasha kwenye mwanga.

"Mwanangu, kama kuna mchawi hapa, basi ni wewe," alicheka. "Ncha ya uzi uliificha?"

"Hapana. Niliiacha ndefu, niifunge kama utepe. Inapendeza."

"Ikapenya kwenye pembe isiyo na gundi. Mashine ya posta ina magurudumu. Gurudumu likaidaka, likavuta. Na kroshia hufumuka kuanzia mwisho, sivyo?"

"Ndiyo," alisema mfumaji polepole. "Na iliyobaki nimeifumua mwenyewe. Lakini kutuma kwa boksi ni ghali kuliko viatu, mama."

"Nani kakwambia boksi? Lete kadibodi ya sabuni uliyotaka kutupa."

Mfumaji alifuma jozi mpya. Alipitisha kila ncha ndani ya mafundo kwa sindano, huku na huku, kisha akakata iliyobaki. Alivilaza viatu bapa.

"Gazeti hapana," Bi Mihuri alimzuia. "Wino utahamia kwenye uzi. Tumia karatasi safi, halafu plastiki nyembamba ya kuzuia unyevu."

Waliviweka katikati ya vipande viwili vya kadibodi. Waliandika anwani ndani pia, iwapo ya nje ingefutika. Pembe zote za bahasha mpya walizibandika utepe wa gundi, mdomo wakauacha wazi kwanza.

"Posta hutoza kwa uzito na unene," alisema Bi Mihuri. "Uliza kipimo cha barua kabla ya kufunga. Ukikizidi, utalipia kifurushi. Na mwambie karani aipange kwa mkono, isipite kwenye mashine."

Bahasha ilipita kwenye kipimo. Ikalipiwa kama barua.

Siku zikapita. Mteja hakupiga. Kila simu ilipolia, mdogo mtu alimtazama dada yake usoni kwanza. Mfumaji aliendelea kuficha ncha za kila alichofuma, na vikofia vilifika salama kwa wengine. Viatu hakuvigusa.

Hatimaye ukaja ujumbe wa sauti. Mwanzoni hapakusikika kitu, kama chumba kisicho na mtu. Mfumaji aliibana simu sikioni. Akaongeza sauti.

Mtoto akalia, kwa nguvu.

"Umemsikia, dada?" mteja alisema. "Tuko nyumbani. Vimemkaa sawasawa."

Nyuma yake mwanamke mzee aligomba: "Nani kamvua viatu vyake? Mrudishieni!"