Tansyo Nayo Ni Ugonjwa

Watu wa Munigi walisema kwamba mama mmoja wa Kibati alimeza dawa ya gripi, yaani mafua, kisha akaanguka sokoni na ndizi zake. Wengine walisema alirogwa. Sikumjua mama huyo, wala sikukutana na aliyemwona, lakini maneno hayo hayakunitoka.

Asubuhi binti yangu Igihozo alifagia vumbi jeusi la volkano mlangoni. Kisha akampa bibi yake, Koko Mukamazimpaka, maji ya kumezea kidonge cha tansyo, yaani shinikizo la damu. Siku hiyo Koko alikuwa na mafua.

"Pua yangu imefungwa kama mulango wa kanisa siku ya kazi," alisema. "Wende kwa Bashige, uniletee dawa ya kuifungua."

Bashige muuza dawa alimuuliza Igihozo, "Ni ya nani?"

"Ya Koko."

"Koko iko na ugonjwa mwingine?"

"Hapana, papa. Gripi tu."

Igihozo hakudanganya. Kwetu mtu wa tansyo haitwi mgonjwa. Analima, anapika, anacheka. Kidonge chake cha asubuhi ni kama chai.

Koko alimeza dawa, na pua ikafunguka. "Eh! Hata harufu ya sombe inayopikwa kwa jirani naisikia!"

Baadaye alishika kichwa. Moyo ulimwenda mbio, macho yakaona giza. Jirani akasema, "Wamemuroga huyu." Hapo nikamkumbuka mama wa Kibati. Nikampandisha Koko kwenye pikipiki. Igihozo alitufuata mbio na mfuko mkononi.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Wivine alimpima. Tansyo ilikuwa imepanda sana.

"Amekunywa nini?"

Igihozo akatoa mfukoni dawa zote mbili, ya tansyo na ya gripi. Akaanza kulia. "Papa Bashige aliniuliza kama iko na ugonjwa, nikasema hapana. Nilifikiri tansyo ni uzee tu."

"Futa machozi," Wivine alimwambia. "Umefanya vizuri kuzileta zote. Sasa sikia. Dawa nyingi za kufungua pua zinabana mishipa ya damu. Kwa mutu wa tansyo, hiyo ni hatari. Tansyo nayo ni ugonjwa, hata kama mutu anacheka. Ukiulizwa, taja kila dawa anayokunywa."

Walimtibu Koko mpaka tansyo ikashuka. Alirudi nyumbani pua imefungwa tena. "Afazali ifungwe pua," alisema, "kuliko macho."

Siku hizi Bashige haulizi tena habari ya ugonjwa. Anauliza, "Anakunywa dawa gani kila siku?"

Watoto, epukeni haya:

Kumpa mtu wa tansyo au wa moyo dawa ya kufungua pua bila kumuuliza muuguzi.

Kuchanganya dawa mbili za gripi. Majina ni tofauti, lakini mara nyingi zote zina parasetamoli.

Kumeza dawa ya gripi na pombe, hata kasiksi ya ndizi.

Kumkatia mtoto nusu ya kidonge cha mkubwa.

Kusema mtu amerogwa kabla ya kusema alichomeza.