Sauti Nyuma ya Kopo la Chumvi

Jumatano mchana hatuna masomo, na ndiyo siku ambayo bibi yangu, Ouardia, huvingirisha unga wa kuskusi. Huweka sinia kubwa mapajani, viganja vikizunguka, huku akiimba kwa Kikabili, lugha ya kwao Algeria. Mimi Tiziri, mwenye miaka kumi na tatu na Kikabili cha kuombea biskuti tu, niliupenda mno wimbo mmoja. Nikaificha simu nyuma ya kopo la chumvi, nikamrekodi.

Kisha nikashuka ghorofa kumi na moja kwa miguu (lifti yetu hufanya kazi ikijisikia) hadi kituo cha vijana cha mtaa wetu, Aubervilliers, hapa Ufaransa. Kaka Soilihi, Mngazija anayetufundisha rap, aliiweka sauti ya Bibi juu ya ngoma nzito, akaongeza gambusi lake. Rafiki yangu Demba aliruka mpaka kofia ikamtoka.

"Jumamosi kwenye tamasha ukumbi mzima utapagawa!" akapiga kelele.

"Bibi ameruhusu?" Kaka Soilihi akaniuliza.

"Ndiyo." Neno lilinitoka kama chafya.

Nikaandika mistari ya kuicheka lifti yetu, Demba akatunga kiitikio: "Panda, panda, miguu imeganda!"

Ijumaa baada ya masomo tukafanya mazoezi ya mwisho. Mama Fadhma, jirani yetu anayesafisha ukumbi, akasimamisha ufagio.

"Hiyo si sauti ya Ouardia? Mbona mnarukaruka? Binti, huo ni wimbo wa msiba! Anamlilia mdogo wake Meziane, aliyekuja kuchimba makaa ya mawe huku Ufaransa asirudi hata maiti yake."

Bibi alikuwa ameshawaalika majirani wote wa ghorofa yetu. Angekaa mstari wa mbele, asikie Demba akipayuka "panda, panda" juu ya kilio chake.

"Nyamaza tu," Demba akaninong'oneza. "Pengine hatausikia vizuri."

"Bibi? Anayesikia nikifungua pipi chumbani?"

Nilipanda ngazi nikihesabu ghorofa, na kila ghorofa nilitamani nyingine kumi. Bibi alikuwa anapiga pasi gauni la kesho. Nikamwambia yote, hata ile "ndiyo" ya uongo. Akazima pasi.

"Nisikilizishe."

Akasikiliza hadi mwisho. Machozi yakamshuka, akayaacha.

"Wimbo huu huuimba nikidhani niko peke yangu," akasema. "Ungeniomba, ningekupa wa harusi."

"Nisamehe, Bibi. Kesho sitapanda jukwaani."

"Na hao majirani niwaambie nini? Kamwite mwalimu wako. Na hiyo 'ndiyo' yako ya uongo ukaifute mwenyewe."

Nikashuka tena kituoni, nikamweleza Kaka Soilihi yote.

"Tiziri, hapa tunachanganya ngoma za Mali za kina Demba, gambusi la kwetu na nyimbo za kwenu," akasema. "Tunaweza kwa sababu kila mtu ametoa chake kwa hiari. Wewe ulichukua bila kuomba, ukanidanganya, na mimi nikajenga juu ya uongo wako. Kuomba kungekuchukua dakika moja."

Akaifuta ile sauti mbele yangu, kisha akapanda nami hadi kwetu. Bibi akaimba wimbo wa harusi, simu ikiwa mezani mbele yake. Akatusimamisha mara tatu: "Rudieni! Hapo nimekohoa!"

Jumamosi tulipanda jukwaani, tukaimba hadi kiitikio cha kwanza. Kisha nikamwona Bibi mstari wa mbele akipiga makofi, akiwaambia majirani, "Hiyo sauti ni yangu, na niliombwa!"

Jumatano iliyofuata alikuwa jikoni na sinia lake. Nilipoingia, akaukatisha wimbo wa Meziane, akachungulia nyuma ya kopo la chumvi.

"Simu iko wapi?"

"Chumbani, Bibi."

"Basi keti. Nikufundishe maneno yake."