Viti vya Peñalcuervo

Jua lilikuwa linazama, na Casilda alikuwa anapanga viti vya kamba mbele ya nyumba zilizofungwa. Shahada mbili za historia, na kazi pekee aliyoipata ni kuwapambia watalii milango ya marehemu! Kesho wangefika waamuzi wa mashindano ya vijiji vizuri, na meya alitaka ionekane kana kwamba wenyeji wameinuka tu kwenda kunywa kahawa. Wenyeji gani? Peñalcuervo ilikuwa imebaki na watu kumi na mmoja, wote wagonjwa wa magoti.

Kiti cha mwisho alikiweka ubavuni pa bibi yake, Obdulia, aliyekaa mlangoni akipunga upepo, kama ilivyo ada ya jioni za kiangazi.

"Hicho cha nani?"

"Cha picha, Bibi."

"Kigeuzie ukutani. Na vingine vyote. Kiti kitupu kikitazama njia baada ya kengele ya jioni, umewakaribisha wafu. Na mfu akikaribishwa, harudi mikono mitupu."

"Kamwambie meya. Mimi nina kibarua cha siku tatu, nisinyang'anywe hata hicho."

"Msomi wee! Masikio umeyaacha chuoni?"

Kengele ikalia.

Mbayuwayu wakanyamaza, wote kwa pamoja. Kisha kule juu, njia inakoanzia, kamba za kiti cha kwanza zikalalama... krrr... kama mtu mzito amekaa. Kikafuata cha pili. Cha tatu... Vikawa vinakaliwa kimoja kimoja, vikiteremkia walipo wao.

Hapakuwa na mtu.

Ikaja harufu ya tumbaku na pombe ya anisi.

"Evaristo," bibi akanong'ona. Ndiye mumewe, aliyezikwa miaka thelathini na moja iliyopita. Bibi akaanza kujifunga kitambaa kichwani, taratibu, kama mtu aliyeitiwa safari.

Casilda hakufikiri. Akajitupa kwenye kiti kile kitupu.

"Pana mtu hapa!"



Kisha kitu kikamkalia mapajani.

Kizito. Baridi... baridi ya jiwe la kisimani. Miguu ikafa ganzi. Ndevu zikamkwaruza shavu, na hapakuwa na uso.

"Evaristo, inuka!" Bibi akafoka kwa sauti ya chini, vile wake wanavyokemea mbele ya wageni. "Huyo ni mjukuu wako. Mtoto wa binti yetu Remedios."

Bibi akatega sikio. Kitambaa kikamtoka mkononi.

"Anasemaje?" Casilda akanong'ona.

"Anasema... kiti ni laini."

Taa ya njia ilipowaka, uzito ukaondoka. Au ndivyo ilivyoonekana.

Asubuhi waamuzi walikuja. Wakasifu maua ya madirishani, wakasifu mawe, na mmoja, mpumbavu wa kupindukia, akasema kijiji kina uhai. Kikashinda.

"Mkataba wa mwaka mzima, binti!" Meya akamkumbatia Casilda, kahawa aliyoshika ikammwagikia mapajani, ya kuchemka. Malengelenge yakainuka. Casilda akayatazama kama anayetazama mguu wa mtu mwingine.

Ndani, bibi alikuwa anakula mkate na mafuta ya zeituni, mzima wa afya, akiimba.

Jumapili, ganzi ile ya kukaliwa na babu ilimfika Casilda kiunoni. Alhamisi, mbavuni. Hakumwambia mtu. Alijaribu angalau kuogopa... akaitafuta hofu ndani yake, akakosa pa kuanzia.