Miguu ya Kalondu Kwenye Video

Kila jioni Kalondu aliosha miguu, na kila jioni udongo mwekundu ulibaki ndani ya nyufa za visigino vyake. Hakuna sabuni iliyoweza kuutoa. Miguu ya wakulima wengi wa Kyuso iko hivyo.

Mvua mbili zilikuwa zimepita bila mavuno. Mbegu za ndengu zilizobaki zilikuwa kibuyu kimoja tu. Kalondu alikitundika juu ya meko, penye moshi, ili wadudu wasizile.

"Hizi tukizipoteza, watoto watakula nini? Mawe?" aliuliza Kivuva, mumewe.

Siku moja afisa wa kilimo alileta televisheni na jenereta kanisani. Jina lake lilikuwa Ndila. Alikuwa mwanamke, lakini watu walimwita bwana shamba, naye aliitika.

Video ilionyesha wanawake wakichimba matuta ya kukinga maji kwenye mteremko. Kati ya tuta na tuta waliweka vizuizi vidogo vya udongo, maji ya mvua yasikimbie. Watu walipiga makofi. Kalondu hakupiga.

"Bwana shamba," akasema, "hao ni watu wa wapi?"

"Ni wakulima kama nyinyi, Mama Nzilani," Ndila alijibu, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Wakulima gani hao? Miguu safi, majembe mapya! Hao waliitwa tu kupigwa picha."

Kanisa zima likacheka. Ndila aliona aibu. "Ni kweli, mama. Hao ni wafanyikazi wa ofisi yetu. Tulikosea. Lakini matuta si uongo."

"Anayenidanganya kwa miguu atanidanganya kwa matuta pia," Kalondu alijibu, akaenda zake.

Kesho yake Ndila alimfuata nyumbani. Kalondu alipomwona, alikiteremsha kibuyu upesi, akakificha chini ya leso.

"Sikuja kuchukua mbegu," Ndila alisema. "Nimekuja kuuliza. Mvua ikinyesha hapa, maji huenda wapi?"

"Si yanateremka mtoni?"

"Na samadi?"

"Inafuata maji."

"Na mbegu je?"

Kalondu akatazama upande wa mto. Msimu uliopita aliziona ndengu zake mwenyewe zimeota kwenye mchanga wa mto. Roho ilimuuma sana siku ile.

"Bado sikuamini," akasema mwishowe.

"Usiniamini. Jaribu na nusu ya kibuyu."

Wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, walikuja na majembe. Walichimba matuta ya kukinga maji upande mmoja wa shamba la Kalondu, wakaziba mifereji kwa vizuizi kila baada ya hatua chache. Kalondu alipanda nusu ya ndengu huko kwa mistari kabla ya mvua. Nusu nyingine aliitawanya upande wa pili, kama zamani.

"Siku hizi umekuwa mtu wa sinema!" Kivuva alimtania, lakini na yeye aliogopa.

Mvua ilikuja kwa fujo, kisha ikakatika mapema. Upande wa zamani maji yalikimbia, na ndengu zikakauka. Upande wa matuta maji yalisimama, yakazama polepole. Ndengu huko zilizaa mpaka Kivuva akatafuta magunia. Kibuyu cha mbegu kilijaa tena. Kalondu alilia kwa furaha, wala hakujificha.

Ndila alirudi na kamera.

"Vaa viatu basi, unapigwa picha!" Kivuva alisema.

"Sivai. Bwana shamba, anza na miguu."

Baadaye video hiyo ilionyeshwa mjini Mwingi, na Ndila akaenda na Kalondu. Kabla haijaisha, mama mmoja alipaza sauti kutoka nyuma.

"Uongo mtupu! Huyo ni mtu wa ofisi!"

Kalondu alikuwa ameketi mbele, amevaa viatu vya kanisani. Alisimama, akavivua, akaweka mguu wake juu ya benchi.

"Njoo uone, mwenzangu."

Yule mama alikuja. Aliinama, akatazama nyufa za kisigino na udongo mwekundu uliojaa ndani. Kisha akautazama mguu wake mwenyewe.

"Haya," akasema, akikaa karibu na Kalondu. "Hayo matuta yanachimbwaje?"