Ng'ombe wa Mahari Juu ya Mabwawa

Tilapia mmoja ndiye aliyewaunganisha, katikati ya msukumano wa soko kuu la Bunia. Aliruka kutoka beseni la Dorothée, mfuga samaki, akampaka tope Lambert, mwana wa wafugaji wa Bule, kwenye shati jeupe lililopigwa pasi.

"Mama, samaki yako iko na adabu mubaya!"

"Iko muzima, papa. Inakula majani na muchwa, hapana dawa hata tone. Weye unakulaka nini, unapauka vile?"

Soko likacheka. Kesho yake Lambert akarudi na shati lilelile, halijafuliwa.

Miezi minane ya simu na utani, na siku ya mahari ikafika. Nyumba ya Dorothée kule Mudzipela ilijaa mashangazi na vitenge vipya; samaki waliovuliwa asubuhi walikuwa tayari jikoni. Lakini Dorothée, amefunga kilemba cha manjano, alisimama kando ya mabwawa yake ya samaki, yanayolishwa na kijito. Vyura walikuwa kimya. Samaki waliobaki walielea juu, midomo wazi, wakihema.

Akampigia Lambert simu.

"Chérie, siye iko karibu! Ngombe zinang'aa!"

"Ulizifanya nini?"

"Niliziogesha tu, asubuhi mapema, mu kijito yenye iko juu yako."

"Na maji tu?"

"Na maji tu."

Walipofika, sahani ya kwanza ya samaki ilikuwa mikononi mwa koko, bibi yake Dorothée. Lambert akaiona, akafungua kinywa. Mjomba wake akamfinya mkono, akanong'ona: "Nyamaza! Wapokee ngombe kwanza."

Koko akamega tonge.

"Koko, hapana kula!" Lambert aliruka, akaipiga sahani, ikapasuka chini. "Ngombe nilizipulizia dawa ya kupe. Nilitaka zionekane safi. Dawa ilishuka na maji. Dorothée, nilikudanganya."

Dorothée akaingia jikoni, akamwaga sufuria zote shimoni, moja baada ya nyingine. Akatoka, mikono inanuka mchuzi.

"Ngombe zirudi Bule."

Wajomba wakaguna. Lambert akainamisha kichwa, akashika njia nyuma ya mifugo yake.

"Weye, unaenda wapi?"

"Si umesema…"

"Nilisema ngombe." Akamtupia chepe. "Kuja tufunge maji. Mwaka muzima siye hatuuzi samaki. Utanichimbia mabwawa upya, ndipo mahari itaongewa."

Lambert akavua koti. Mbele yao matumbo meupe ya samaki yalikuwa yanapanda juu ya maji, moja, mawili, kisha bwawa zima.