Mabiringani ya Bi Hindu

Kila siku kulipopambazuka Swafiya aliteka maji kisimani, akamwagilia mabiringani, kisha akajitwika kapu na kuingia mitaa ya mji wa Amu kuuza kabla ya shule. Kengele ilipolia, alikuwa amekwisha kuchoka tiki. Mamake, Bi Hindu, alichoka zaidi, maana tangu mumewe afe, shamba lile la nyuma ya mji lilikuwa juu ya mgongo wake peke yake. Bila mabiringani, hawakuwa na chakula.

Na shamba lenyewe lilikuwa limechoka kuwashinda wote wawili. Mchanga mtupu! Ndipo Bwana Shamba Wafula, ofisa wa kilimo kutoka bara, alipomfundisha Bi Hindu kutumia uchafu wa choo. Waliutia shimoni pamoja na jivu na majani, wakaufunika na kuuacha mwaka mzima, hata ukageuka udongo mweusi usio na harufu. Walipoutia kwenye mashina ya mimea, mabiringani yakanona yakang'aa. Shimo la pili, walilolijaza baadaye, lilikuwa bado bichi.

"Ukiulizwa, sema kweli," Bi Hindu alimwambia bintiye. "Na uwaambie waoshe, wapike vizuri."

Lakini kisimani Swafiya aliwasikia wanawake wakimcheka Bwana Wafula. "Ataka kutulisha vya chooni! Nani atakula najisi?" Akaogopa kwamba hakuna atakayenunua tena. Kwa hiyo Bi Umulkheir, aliyewafundisha wasichana Kurani, alipomuuliza siri ya mabiringani yale, Swafiya alijibu upesi, "Samadi ya punda, Bi."

Amu ina punda kila kichochoro. Nani angeshuku? Tangu siku hiyo kila mteja aliambiwa punda, na kapu likarudi tupu. Swafiya hakufurahi, ila miguu ilipumzika mapema.

Alasiri moja aliporudi kutoka shuleni alimkuta Bi Umulkheir shambani na pakacha. Bibi alikuwa amepiga magoti kando ya shimo la pili, ameondoa majani, anataka kuchota kwa mkono mtupu.

"Bi! Usiguse!" Swafiya alipiga kelele.

"Kwani mamako atanikataza? Nataka kidogo tu, nitie mchicha wangu. Wajukuu waupenda."

Swafiya alitazama njiani. Mamake hakuonekana. Angeweza kusema kuna nyoka, na bibi angeondoka. Lakini kesho je, akirudi?

"Si ya punda, Bi," alisema, machozi yakimtoka. "Ni ya choo. Hii haijaiva, ina maradhi. Nilisema uongo."

Bi Umulkheir alirudi nyuma, akaketi mchangani kwa uzito.

"Ndoo hapa," alisema, akimwashiria asogee. "Samadi ya punda nayo ni najisi. Hukulisoma hilo kwangu? Watu waitia shambani, waosha mikono, mti wanyonya, na tunda ni twahara. Choo hakinitishi. Lakini leo ningaliwalisha wajukuu wangu maradhi, nikidhani ni punda."

Bi Hindu alikuwa amefika na debe la maji, akasikia yote. Hakugomba. Alilitua debe polepole.

"Jua lanichosha, Swafiya, na kisima chanichosha," alisema. "Uongo wako sitaubeba."

Asubuhi yake Swafiya alipita nyumba kwa nyumba akisema kweli. Mmoja alimfungia mlango. Wa pili alimwita mchafu. Swafiya aliona haya hata akatamani kurudi. Alipofika kwa Bi Umulkheir, majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika kibarazani, wananong'ona.

Bi Umulkheir alichagua mabiringani makubwa, akayaosha mbele yao. "Haya yametiwa mbolea ya choo iliyokaa mwaka mzima," alisema kwa sauti. "Nayapika leo. Anayetaka na aje ale, asiyetaka asile."

Wengine walikwenda zao. Wawili, mmoja baada ya mwingine, walisogea wakanunua. Mabiringani hayakwisha, na kapu lilikuwa bado zito, lakini Swafiya alijitwika bila kuinamisha macho.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," Bi Umulkheir alimwambia mlangoni. "Mwenye kula ana haki ya kujua anachokula. Mwambie kweli, kisha mwache achague mwenyewe. Hata akikufungia mlango leo, kesho utaweza kuubisha tena."